Baba Mdogo, Mimi Siimbi: Barua kutoka Trinidad

Baba Mdogo,

Mimi mzima, nasoma, nakula, na baridi mliyonihofia haipo kabisa. Huku ni joto la Dar es Salaam ya Januari, na jasho lake ni lile lile.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule mrefu ambao jogoo anakudakia maneno katikati. Niliusikiliza nikiwa maabara, nikacheka mpaka msimamizi wangu akachungulia mlangoni. Nilichoelewa ni hiki: habari zilitoka kanisani zikafika stendi, zikatoka stendi zikafika Veyula, kwamba mtoto wa Makutupora yuko fainali ya mashindano ya taifa ya nyimbo huko Karibiani, kwamba zawadi ni dola milioni mbili, na kwamba mwenyekiti wa kitongoji ameshauliza kama trekta nitalinunua huku nilipakie melini au nitatuma hela mlitafute wenyewe Dar. Shangazi wa Hombolo anataka bati za msauzi. Na yule binamu ambaye tangu niondoke hajanitumia hata salamu za Krismasi, sasa ananiita "dada yetu msanii" na anaomba nimtaje jukwaani.

Baba Mdogo, mimi siimbi. Ile picha niliyoirusha kwenye grupu la ukoo, nimesimama karibu na jukwaa nimenyanyua kitu cheusi, kile ni kijiti cha simu cha kujipigia picha. Si maikrofoni. Nilikuja kusomea magonjwa ya mikakao na mpaka leo ndiyo ninayosomea, hapa St. Augustine, mahali ambapo Waingereza walikuwa na chuo chao cha kilimo cha nchi za joto. Mabwana shamba wao wengi walipitia hapa kwanza kabla ya kupelekwa makoloni ya Afrika kutufundisha kulima. Kwa hiyo ukoo wetu na kisiwa hiki tulishafahamiana kabla mimi sijazaliwa, ila wao ndio walioshika daftari na sisi ndio tulioshika jembe.

Kuhusu hizo milioni mbili, hukudanganywa. Mwaka 2011 binti anayeitwa Karene Asche alishinda taji la kalipso, na mmoja wa nyimbo zake ulimhusu Jack Warner, yule yule wa FIFA, ambaye wakati huo alikuwa waziri. Akapewa dola milioni mbili. Lakini dola za Trinidad, Baba Mdogo. Dola moja ya Marekani inanunua karibu saba za huku. Chukua trekta lako uligawanye kwa saba. Linabaki tairi moja na kiti cha dereva. Tena huo ulikuwa mwaka wa neema. Mwaka 1956 kijana Mighty Sparrow alipotwaa taji kwa mara ya kwanza alipewa dola 40 na kikombe. Usiku ule ule mrembo wa Kanivali alikuwa akiondoka na zawadi za maelfu. Sparrow alimeza mate, akaenda nyumbani, na mwaka uliofuata akatoa wimbo wa kuyasusia mashindano, akiwaambia waandaaji kweupe kwamba wao wanakula na wanaoimba wanalala njaa. Wimbo ukapendwa kuliko mashindano yenyewe. Hapo nikaanza kuelewa nimefikia nchi ya namna gani.

Kwa kuwa kijiji kizima kimeshakaa mkao wa kula, acha nikueleze mambo yanavyokwenda, maana trekta halipo lakini maneno yapo, na wewe uliyekalia meza ya majaji wa kwaya miaka yote hiyo utayafurahia. Au yatakukera. Yote mawili yanawezekana.

Kwanza ukubwa wa nchi. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tatu katika mkoa wa Dodoma peke yake. Trinidad na Tobago nzima, visiwa viwili, bunge, jeshi, ndege na kila kitu, ina watu kama milioni moja na nusu. Ndiyo kusema wote wanajuana. Ukiimba kuhusu waziri, shangazi yake amekaa safu ya nne. Na kuimba kuhusu waziri ndiyo kazi yenyewe. Kalipso ni wimbo wa kisa: mtu mmoja mbele, beti kadhaa, kiitikio, bendi yenye matarumbeta nyuma yake, na maneno yenye miiba. Kuanzia Januari hadi Kanivali, yaani Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, nchi nzima inataka kujua mwaka huu nani ana ulimi mkali kuliko wote.

Mchujo unaanzia mahemani. Usidanganyike na jina. Mimi nilipoambiwa twende hemani nilivaa viatu vya matope, nikapelekwa ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa bandari, una kuta, dari, feni na mama anayekagua tiketi kwa miwani miwili. Lord Kitchener, yule aliyeimba kuhusu London alipokuwa anashuka meli ya Windrush mwaka 1948, alianzisha hema lake aliporudi nyumbani, na lipo mpaka leo ingawa yeye alishafariki. Waimbaji wanapanda mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, na majaji wanakaa humo kimya na karatasi zao: maneno, mahadhi, uimbaji, uwasilishaji, upya wa wimbo. Mama mwenye nyumba wangu, bibi wa makamo yako anayesikiliza kalipso tangu Sparrow ana nywele nyeusi, haamini majaji. Anakwenda na daftari lake mwenyewe. Asubuhi anajumlisha alama akinywa chai, na alama zake hazikatiwi rufaa.

Nusu fainali ndiyo iliyonimaliza. Hufanyika San Fernando, mji wa kusini, kwenye uwanja wa Skinner Park, tangu mchana hadi giza. Nilifika na mwavuli na chupa ya maji. Mama mwenye nyumba akanitazama kwa huruma, akafungua kapu lake akanikabidhi bunda zima la karatasi za chooni. Nikamshukuru kwa kunijali, nikasema tumbo langu halina shida. Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe pale Skinner Park karatasi za chooni ni kura. Mwimbaji akiboa, au akitetea upande usiopendwa, uwanja unainua mabunda, karatasi zinafunguliwa zinapepea hewani nyeupe tupu, na asiyeelewa ujumbe huo ajue hataelewa tena. Niliona bwana mmoja wa makamo, suti ya rangi ya dhahabu, akiimba huku karatasi zikimpita sikioni. Akamaliza beti zake zote, akainama kwa heshima, akaokota bunda moja lililoanguka jukwaani, akalitia mfukoni na kuondoka nalo. Uwanja ukamshangilia kuliko aliyemfuata. Nilikukumbuka, Baba Mdogo. Nilikumbuka kwaya fulani ya jirani na ule wimbo wao wa dakika kumi na nane, na nikawaza kama waumini wangekuwa na makapu.

Sasa linalonishangaza mimi niliyekulia kwaya za shule ni mgeni rasmi. Kwetu utaratibu unaujua. Mgeni rasmi akifika, ubeti wa kwanza unamkaribisha, wa pili unamsifu, wa tatu unamsifu aliyemtuma, wa nne unataja mafanikio, na wa tano, kama muda haujaisha, unagusia kwa unyenyekevu mkubwa kwamba shule ina matundu mawili ya choo. Vigelegele. Mgeni rasmi anasimama anasema amesikia kilio. Huku mgeni rasmi anakaa mbele kabisa na kulimwa kuanzia ubeti wa kwanza. Waziri mkuu, kiongozi wa upinzani, askofu, tajiri wa saruji, wote wamo. Na lazima acheke, kwa sababu kamera imemkazia macho. Akinuna, wiki ijayo anatungiwa wimbo wa pili kuhusu kununa.

Yupo mzee anaitwa Hollis Liverpool, jina la jukwaani Chalkdust, kwa kuwa alikuwa mwalimu. Alipoanza kuimba mwaka 1968, Wizara ya Elimu ikamhoji: mtumishi wa umma anafanyaje kazi ya pili ya malipo bila kibali? Mwalimu hakuandika barua ya kujieleza. Alitunga wimbo wa kuijibu wizara, akaorodhesha ndani yake wakubwa wengine wenye kazi mbili mbili, na nchi nzima ikaimba naye. Nimejaribu kumweka mwalimu wa Dodoma katika nafasi hiyo, anapokea barua yenye muhuri, anaita mpiga gitaa. Picha inakataa kuja. Yule mwalimu aliendelea hadi akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na ameshinda taji mara 9, la karibuni mwaka 2017 akiwa ameshapita miaka sabini. Sparrow alishinda mara 8.

Mwingine ni Gypsy. Mwaka 1986 aliimba kuhusu meli inayozama, akimwambia nahodha maji yameingia. Kila mtu alijua meli ni nchi na nahodha ni nani. Chama kilichokuwa madarakani tangu 1956 kilikwenda kwenye uchaguzi mwishoni mwa mwaka huo kikapata viti 3 kati ya 36. Siwezi kuapa kwamba ni wimbo ulioiangusha serikali. Bei ya mafuta, ambayo ndiyo shamba la nchi hii, ilikuwa imeporomoka, na njaa haihitaji mwimbaji. Ila hata waliopigwa hawakubishi kwamba wimbo ulisaidia. Miaka ikapita, Gypsy mwenyewe akawa mbunge, na mwaka 2010 akawa waziri wa sanaa. Ikawa zamu yake kukaa viti vya mbele na kujifunza kutabasamu.

Usidhani tu kwamba ulimi huku hauna mfupa wala bei. Mwanzoni mwa 2024 mahakama ilimwamuru mwimbaji mmoja mkongwe, bingwa wa zamani, alipe fidia ya dola 250,000 za hapa kwa kumchafua mfanyabiashara kwenye kalipso. Mjadala ulichukua wiki nzima. Mama mwenye nyumba alisema jaji amekosea. Jirani yetu akasema mwimbaji amekosea. Mimi nikasema kwetu msemo ni "ulimi uliponza kichwa", wakaniomba nisiurudie huo.

Umeniuliza kama wanawake wanaruhusiwa. Wanaruhusiwa, lakini waliupigania mlango. Calypso Rose, binti wa mhubiri kutoka kisiwa cha Tobago, aliimba miaka mingi wakati taji likiitwa la Mfalme wa Kalipso. Mwaka 1977 wimbo wake ndio uliopigwa kuliko yote barabarani siku za Kanivali, na mwaka 1978 akashinda taji lenyewe. Waandaaji wakajikuta na mfalme aliyevaa gauni. Wakabadilisha jina la cheo ili kimfae mwanamke na mwanamume, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo. Niliposimulia hapa kwamba kwetu Ugogo ngoma za muheme ni mali ya akina mama, wao ndio wanaozibana magotini na kuzipiga, na wanaume ndio wanaotafuta pa kusimama, mama mwenye nyumba alinitaka nirudie polepole aandike.

Na ngoma, hapa, zina kesi yake. Nyimbo hizi zilizaliwa na watu waliokuwa watumwa na wajukuu wao, kwenye uwanja wa kupigana kwa fimbo. Kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia, fimbo zinagongana. Mwaka 1881 wapiganaji hao walikabiliana na polisi mitaani Port of Spain, na baada ya hapo serikali ya kikoloni ikazipiga ngoma marufuku. Wakahamia kwenye mianzi, na baadaye kwenye mapipa ya mafuta, wakayagonga nyundo mpaka yakatoa sauti zote za muziki. Lile pipa tunalochotea maji nyuma ya jiko, Baba Mdogo, huku linapigwa na watoto wa shule kwa noti. Ila kilichonigusa si pipa, ni huko kuanzisha na kuitikia. Mara ya kwanza niliposikia wazee wakirudia nyimbo za fimbo nilishtuka nikadhani niko nyumbani, saa kumi na moja alfajiri, kuruta wa JKT wanapita mchakamchaka na chenja zao: mmoja anapaza, mia wanajibu, mbwa wa Makutupora wote wanabweka. Tofauti ni kwamba hawa hawakuwa na afande.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho ningeuza kitanda wewe ukione. Kuna mashindano ya pembeni ya kutunga papo kwa papo. Watu wawili wanapanda, gitaa linapiga mahadhi yale yale ya zamani, kila mmoja anachota kikaratasi kwenye kofia. Kikaratasi kina mada. Hapana kufikiri, hapana kwenda kushauriana na katibu. Nilikuwa nimesogea hadi karibu na jukwaa, naona jasho. Mzee mwembamba akafungua karatasi yake, mada ikasomwa: meli ya kwenda Tobago. Meli hiyo kila mtu ana ugomvi nayo. Mzee akafuta kiganja kwenye suruali, akasubiri gitaa lizunguke mara moja, akaimba kwamba hana haja ya kuizungumzia meli kwa kuwa wanaiona hapo pembeni yake: pana kupita kiasi, imegharimu serikali fedha nyingi, na haijawahi kufika kwa wakati. Mpinzani wake, bonge la mtu, alichelewa kupanda jukwaani jioni ile. Uwanja ulilipuka. Bonge hakutikisika. Akajibu kwa vina vile vile kwamba afadhali meli inayochelewa, kuliko mtumbwi uliofungwa ufukweni tangu mwaka wa uhuru, wavuvi wanakwenda kuutazama tu na kuuliza kama bado unapumua. Uhuru wao ni wa 1962, mwaka mmoja baada ya wetu. Mzee mwembamba akaenda kumkumbatia, akiwa anacheka machozi, kisha akampiga na ubeti mwingine mbaya zaidi ambao siwezi kuuandika kwenye barua itakayosomwa mbele ya Bibi.

Nilirudi nyumbani usiku ule na wivu. Nikajiambia: haya mambo sisi tunayo! Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo, mzaliwa wa Ihumwa, pua na mdomo na kwetu. Ndiye aliyezisimamisha ngonjera kwenye majukwaa ya shule nchi nzima. Lakini katika ngonjera asiyejua anauliza, anayejua anajibu, na mwisho wote wanakubaliana kwamba kilimo ni uti wa mgongo. Yote yamekaririwa toka wiki iliyopita. Mipasho tunayo pia. Vikundi vya taarabu vya TOT, Khadija Kopa akiwa mbele, na Muungano vilivyokuwa vikirushiana maneno miaka ya 1990, watu walikuwa wanalipa kiingilio kwenda kusikia nani amechambwa. Na Hukwe Zawose alitoka mkoa huu huu na zeze na ilimba akaizunguka dunia. Vipaji si tatizo. Tatizo ni kwamba tukisikia neno "mashindano" siku hizi tunawaza kijana mbele ya majaji watatu wa televisheni, anaimba wimbo wa mtu mwingine, na anasifiwa kwa kuuimba karibu sawa na mwenyewe. Huku ukija na wimbo ambao mtu mwingine alishauimba hata mlangoni hupiti. Hata wimbo wako mwenyewe wa mwaka jana haupiti. Kila Januari lazima uje na wimbo mpya, kuhusu mambo ya mwaka huo, na usiyejua kilichotokea mwaka huo katika nchi yako, kaa nyumbani usikilize wenzako.

Umeuliza chakula. Hapa ndipo nitakapokuumiza moyo. Jumapili mama mwenye nyumba anasonga unga wa mahindi na bamia, anaugeuza kwenye bakuli hadi unatoka mviringo unaong'aa. Pembeni anaweka majani yaliyopikwa na bamia na nazi mpaka yanavutika. Nilipofunua bakuli la kwanza nilinyamaza, mezani wakadhani sikupenda. Ilikuwa ugali na mlenda, Baba Mdogo. Bahari mbili nimevuka, nimelipia viza, nimechanjwa homa ya manjano, na Jumapili nakula ugali na mlenda. Pilau wanayo pia, na wanaitamka karibu kama sisi, isipokuwa wanaipikia sukari iliyoungua na mbaazi, na nimeamua kutoijadili. Wahindi walioletwa hapa kufanya kazi mashambani tangu 1845 wamewaachia watu wote mikate miwili ya kukaanga yenye dengu katikati, inauzwa alfajiri kando ya barabara, na muuzaji anakuuliza kitu kimoja tu: pilipili kidogo au nyingi. Ukisema nyingi, andika wosia.

Wanajua Makutupora? Sasa wanajua, kwa sababu nimewachosha. Kwanza waliitafuta kwenye simu, wakapata reli ya SGR, wakanipongeza kwa kuwa na treni ya umeme. Ikabidi nifafanue kwamba ile ni Makutupora nyingine, ya Manyoni, Singida. Yetu ni ya zabibu, kaskazini ya Dodoma mjini, barabara ya Arusha. Wakauliza zabibu zinastawi vipi Afrika katikati. Nikawaambia zinavunwa mara mbili kwa mwaka na kituo cha utafiti kipo hapo hapo, mbegu nyekundu inabeba jina la kijiji. Tangu hapo naheshimiwa. Kanivali yao inaangukia wakati wa mavuno yetu ya kwanza, na nawaonea wivu mnaokula zabibu za kuchuma.

Fainali uliyotaka kuitazama kwa simu ilianza saa mbili usiku huku, ambayo kwenu ni saa tisa usiku. Nashukuru bando liliisha kabla ya nusu saa, vinginevyo ibada ya asubuhi ingekosa kiongozi. Aliyeshinda, mama mwenye nyumba anasema hakustahili. Alikuwa wa tatu kwenye daftari.

Sasa ombi langu, na hili naliomba kwa heshima, ukiwa umekaa. Kamati ya kwaya itakapokutana kupanga mashindano, simama upendekeze mambo mawili. La kwanza: wimbo uliokwisha kuimbwa mwaka mwingine wowote usirudi, hata kama ni ule wetu wa safina uliotupatia kombe mpaka majaji wanauimba pamoja nasi. Najua ni wewe uliyeutunga. Ndiyo maana pendekezo lazima litoke kwako, mtu mwingine akilisema watadhani ni chuki. La pili: mtenge robo saa ya kofia na vikaratasi. Anzeni na mada ndogo, bei ya zabibu, bodaboda, choo cha shule, na mgeni rasmi akae mbele. Kule Chamwino kila Julai wana tamasha la muziki wa Kigogo. Mkifanya vizuri Makutupora, wapelekeni na wao waone.

Mwenyekiti mwambie trekta hakuna. Bati za Shangazi nitazifikiria. Na ukitaka kunijibu, usinitumie tena ujumbe wa sauti. Nitumie ubeti mmoja unilime kwa kukutangaza mbele ya kijiji kizima. Nitakujibu kwa vina hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Anza wewe, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa.